Nauli ni ya Nani? Mwongozo kwa Dada wa Kazi

Dada anayelea watoto Dar es Salaam husafiri kuliko watu wanavyodhani. Asubuhi anatoka Mbagala au Gongo la Mboto kwenda kazini Mikocheni. Saa saba mchana anamfuata mtoto shuleni. Siku ya kliniki anambeba mdogo. Jumamosi anatumwa Kariakoo, na mwezi wa kumi na mbili anafungasha mabegi ya familia nzima kwenda Moshi. Safari zote hizo zina nauli. Lakini siku ya kuajiriwa aliulizwa mambo mawili tu: kupika anajua, na mshahara anataka shilingi ngapi.

Mwongozo huu ni wako wewe unayelea watoto wa watu, ulale kwa bosi au urudi kwako kila jioni. Ushauri wake mkubwa ni huu: nauli ipatanwe mapema, itajwe kwa tarakimu, na isichanganywe na mshahara. Ukiambiwa "nakupa laki na nusu, nauli humo humo", hujui tena mshahara wako ni shilingi ngapi. Sheria zinazotajwa hapa ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria ya Ajira yake, Na. 11 ya 2005.

Zijue nauli zako nne

Kabla hujazungumza na bosi, tenganisha safari zako. Ukizitaja zote kwa pamoja atasikia neno moja, "nauli", na atajibu neno moja, "hapana".

Ya kwanza ni nauli ya kutoka kwako hadi kazini na kurudi. Hii inamhusu dada asiyelala kwa bosi, na ni ya kupatana. Wapo mabosi wanaoilipa yote, wapo wanaolipa nusu, na wapo wanaosema imo kwenye mshahara. Hapa ndipo utakapohitaji hesabu.

Ya pili ni nauli ya kutumwa: shule, kliniki, sokoni, dukani, kumpelekea bibi dawa. Hii ni ya bosi yote, kwenda na kurudi, na haina majadiliano marefu. Kazi ni yake, njia ni yake.

Ya tatu ni safari ya pamoja na familia, iwe harusi Tanga, Krismasi Kilimanjaro au wikiendi Bagamoyo. Bosi analipa nauli, chakula na mahali pa kulala. Kinachosahaulika ni muda wako, na tutaurudia.

Ya nne ni nauli ya mkoani: ile iliyokuleta mjini, ile ya kwenda likizo, na ile ya kurudi kwenu kazi ikiisha. Kwa madada wengi hii ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo sheria imeizungumzia wazi zaidi.

Piga hesabu kabla hujafungua mdomo

Bosi wako anaishi kwa bajeti. Ukimwambia "nauli inaniumiza, mama", atakuonea huruma kisha atasahau. Ukimwambia "nauli yangu ni 67,600 kwa mwezi", ataanza kuhesabu pamoja nawe.

Tuseme unapanda gari mbili kwenda kazini, moja ya shilingi 700 na nyingine ya 600. Hiyo ni 1,300 kwenda na 1,300 kurudi, jumla 2,600 kwa siku. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni 67,600. Kama unatoka kazini saa mbili usiku na kutoka kituoni hadi kwako ni lazima boda ya shilingi 1,000, ongeza 26,000. Sasa umefika 93,600. Kwa mshahara wa 150,000, umebaki na 56,400 ya kodi, chakula na ada za watoto wako mwenyewe.

Usiache gharama zinazojificha. Jioni daladala hukatisha ruti, unashushwa katikati ya njia na kulipa gari jingine. Mvua ikinyesha, boda ya elfu moja inaomba elfu mbili. Hesabu ya mwezi iwe na kiasi kidogo cha dharura, na ukitaje kwa jina hilo hilo ili bosi asidhani umezidisha nauli.

Kumbuka pia kwamba nauli hupanda. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilipotangaza viwango vipya vilivyoanza Desemba 2023, safari fupi ya daladala isiyozidi kilomita 10 ilitoka 500 ikawa 600. Shilingi mia moja inaonekana ndogo, lakini dada anayepanda gari nne kwa siku, siku 26 kwa mwezi, iliongeza matumizi yake kwa 10,400. Kwa hiyo usipatane kiasi cha milele. Patana hivi: "Nauli itafuata bei ya LATRA. Ikipanda, tunaongeza, ikishuka, tunapunguza." Bosi mwenye nia njema hawezi kuikataa kanuni hiyo, kwa sababu bei haiwekwi na wewe wala yeye.

Jambo jingine la kulijua ni kwamba hata serikali haimhesabu sawa dada anayelala kwa bosi na yule anayerudi kwake. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 60,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyeishi hapo. Viwango hivi hupitiwa upya, kwa hiyo uliza vya sasa. Lakini hoja inabaki: anayerudi kwake ana gharama ambazo mwenzake hana, na kuzitaja hakukufanyi uonekane msumbufu.

Wakati wa kusema na namna ya kusema

Wakati bora ni kabla hujasema "nimekubali". Siku hiyo bosi anakuhitaji, na bado hajazoea kukuona. Kama ulishaanza kazi, subiri siku ambayo nyumba imetulia, watoto wamelala, na mshahara wa bosi haujaisha. Usiseme mbele ya wageni. Usiseme asubuhi anapokimbilia kazini huku anatafuta funguo. Na usipeleke ujumbe kwa mumewe kama uliyepatana naye mshahara ni mama. Utawagombanisha, na nauli haitapatikana.

Maneno yenyewe yawe ya heshima na ya wazi. Yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo mama. Naomba dakika chache tuongee habari ya nauli. Nimeandika hapa. Kuja na kurudi natumia elfu mbili mia sita kwa siku. Kwa mwezi inafika sitini na saba elfu na mia sita. Naomba nauli iwe pembeni ya mshahara, uwe unanipa kila Jumatatu ya wiki nzima."

"Mmh. Elfu sitini! Mbona nyingi hivyo?"

"Napanda gari mbili mama. Mbagala hadi Makumbusho, halafu Makumbusho hadi hapa. Nimekuandikia kila gari na bei yake."

Ukishasema hivyo, nyamaza. Madada wengi hupoteza hapa: bosi akikaa kimya kidogo, dada anaanza kujipunguza mwenyewe, "au hata nusu tu mama, au basi tuache." Mwache afikirie. Kimya cha bosi mara nyingi ni cha kupiga hesabu.

Bosi akisema hivi, jibu hivi

"Nauli imo kwenye mshahara." Mwulize kwa upole: "Sawa mama. Basi naomba tuandike mshahara ni kiasi gani na nauli ni kiasi gani." Akitenganisha, utaona mara moja kama mshahara umebaki chini ya kima. Na yeye ataona.

"Dada aliyepita hakuwa akidai nauli." Usimseme vibaya aliyepita. Jibu: "Yeye alikuwa anakaa karibu, mimi natoka Mbagala." Kama hujui alikaa wapi, sema tu, "Mimi hali yangu ndiyo hii."

"Sina hela hiyo." Huenda ni kweli. Mabosi wengi nao ni waajiriwa. Hapo patana kwa njia nyingine: nauli nusu, au siku tano badala ya sita kwa mshahara ule ule, au kutoka saa kumi na moja jioni badala ya saa mbili ili usihitaji boda, au lifti ya asubuhi hadi njia panda kama gari lake linapita huko. Kutoka mapema hivyo kunaweza kukuokolea zaidi ya elfu ishirini kwa mwezi. Lifti nayo ipatanwe kwa saa. Ukiisubiri lifti ya saa moja ikaja saa tatu, umelipia nauli kwa muda wako.

"Basi lala hapa hapa, nauli iishe." Usikubali papo hapo. Kulala kazini kunaokoa nauli lakini kunarefusha siku. Mtoto akilia saa nane usiku, ataitwa nani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Kama unahamia, saa za kazi, siku ya mapumziko na mshahara vijadiliwe upya.

Namna ya kupokea nauli

Nauli ya kila siku mkononi ni nzuri kwa anayeanza, kwa sababu inaonekana. Ubaya wake ni kwamba bosi akitoka alfajiri bila kuacha hela, wewe unakopa kwa jirani ili urudi kwako. Nauli ya wiki, inayotolewa Jumatatu, ndiyo inayofaa wengi. Nauli ya mwezi mzima inataka nidhamu. Ikija pamoja na mshahara huyeyuka tarehe ya tano, na wiki ya tatu utaanza kuomba "advansi" ambayo kwa kweli ni nauli uliyokwisha kula.

Ikitumwa kwa simu, patana na ya kutolea. Bosi akikutumia nauli ya wiki kamili bila makato ya kutolea, ukifika kwa wakala umepungukiwa, na upungufu huo ukijirudia kila wiki unakuwa nauli ya siku nzima. Sema mapema: "Mama, ukinitumia naomba uweke na ya kutolea." Ni sentensi ya kawaida, kila mtu mjini huisema.

Kwa safari za kutumwa, usitumie hela yako ukitegemea kurudishiwa jioni. Pokea hela kabla ya kutoka, na uondoke na akiba kidogo ya dharura. Ukirudi, toa hesabu hapo hapo kabla hujavua viatu: "Ulinipa elfu kumi. Bajaji kwenda elfu tatu, kurudi elfu tatu, dawa elfu mbili na mia tano, chenji hii hapa elfu moja na mia tano." Konda wa daladala hakupi risiti, kwa hiyo daftari lako ndilo risiti. Nunua kijidaftari, andika tarehe, safari na kiasi. Na chenji irudi hata kama ni mia mbili. Dada anayekula chenji anaweza kupata mia tano leo, lakini siku atakayodai nauli ya elfu hamsini hakuna atakayemwamini.

Watoto wakiwa mikononi mwako

Unaposafiri na mtoto wa mtu, bei nafuu kuliko zote si lazima iwe ndiyo ya kuchagua, na uamuzi huo usiubebe peke yako. Kubaliana na bosi mapema: mtoto mchanga anapelekwa kliniki kwa bajaji au teksi, hapandishwi boda. Mtoto wa shule akipanda daladala, mnapanda wote na mnashuka wote. Mvua ikinyesha au gari likikosekana, unaruhusiwa kuchukua bajaji hadi kiasi fulani bila kupiga simu kuuliza. Kiasi hicho kiandikwe.

Njia nzuri siku hizi ni bosi mwenyewe kuita usafiri kwa simu yake, kama Bolt, na kulipa yeye. Anaona gari lilipo, anajua mmefika saa ngapi, na wewe hushiki hela. Hakikisha tu kwamba namba ya gari uliyotumiwa ndiyo hiyo hiyo iliyosimama mbele yako kabla hujamkalisha mtoto. Na mwulize swali la kurudi kabla hujatoka: "Na wa kurudi utatuitia wewe?" Wapo madada waliofikishwa hospitali kwa gari zuri wakaachwa huko na simu isiyo na salio.

Safari ya pamoja na familia

Familia inakwenda kijijini kwa bibi wiki mbili, na wewe unakwenda nao. Bosi anaweza kuiita "likizo yako pia, utapumzika huko." Huko utaamka saa kumi na moja, utaogesha watoto watatu badala ya wawili kwa sababu binamu nao wapo, na utaosha vyombo vya wageni ishirini. Hiyo ni kazi. Likizo ya mwaka kwa sheria ya 2004 ni siku 28, na ni siku ambazo huleti uji wala hubadilishi nepi za mtu.

Kabla ya safari, uliza mambo haya bila kuona haya. Nani analipa nauli na chakula cha njiani, pamoja na maji? Nitalala wapi, na nani? Siku yangu ya mapumziko ni ipi huko? Nikimshika mtoto mapajani safari nzima kwa kuwa hakukatiwa kiti, tutafanyaje mtoto akilala? Swali la mwisho si la kuchekesha: basi la Moshi ni safari ya siku nzima, na mtoto wa miaka minne ni mzito.

Kama kwenu ni njiani au ni mkoa huo huo, hapo ndipo pa kuomba siku mbili tatu za kwenda kusalimia. Omba kabla ya kuondoka Dar. Ukiomba mkishafika, bibi mwenye nyumba atakuwa ameshakupangia kazi.

Kama unaendesha gari

Madada wenye leseni si wengi, lakini wanaongezeka, na bosi akijua unaendesha hukuongezea kazi ya dereva juu ya kazi ya yaya. Leseni ya gari dogo la binafsi ni daraja D. Kuwa nayo ni ujuzi wa ziada, na ujuzi wa ziada una bei yake.

Patana mambo matano kabla hujashika usukani. Mafuta ni ya bosi, na unaweka kwa risiti. Bei kikomo hutangazwa na mamlaka ya nishati na maji, EWURA, kila mwezi, kwa hiyo hela ya mafuta ya mwezi uliopita huenda isitoshe mwezi huu. Ushuru wa maegesho ni wa bosi. Kuhusu bima, uliza kama gari lina bima kubwa au ile ndogo ya lazima. Ile ndogo inamfidia mtu wa nje uliyemgonga, haitengenezi gari la bosi. Faini igawanywe kwa sababu yake: taa iliyokufa na bima iliyoisha ni za bosi, mwendo kasi ni wako. Na faini moja ya barabarani ni 30,000, si ya kuchezea. La mwisho ni mikwaruzo. Ukaguzi wa gari ufanyike mkiwa wawili, piga picha pande zote siku unayoanza.

Kuhusu hasara, sheria inakulinda kuliko unavyodhani. Kifungu cha 28 cha sheria ya 2004 hakimruhusu mwajiri kukukata mshahara apendavyo. Akitaka kukata kwa ajili ya hasara, iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, upewe nafasi ya kujitetea, ukubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kuambiwa "mwezi huu hupati kitu, umekwaruza gari" hakumo katika sheria hiyo.

Nauli ya mkoani: hapa usilegee

Kila wiki mabasi yanashusha wasichana stendi ya Magufuli, Mbezi Louis, kutoka Singida, Dodoma, Iringa na Kigoma. Bosi au dalali ametuma nauli. Baada ya mwezi msichana anaambiwa, "Mshahara wa kwanza umekwenda kwenye nauli uliyokujia." Wengine hukatwa miezi miwili. Kama hukukubali hilo kwa maandishi kabla ya kupanda basi, si deni halali la kukukata. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayekuita mjini liwe: "Nauli hii ni yako au ni mkopo?" Uliza kwa ujumbe wa simu ili jibu libaki.

Kisha kuna nauli ya kurudi. Kifungu cha 43 cha sheria hiyo hiyo kinasema mkataba unapokoma mahali pasipo pale ulipoajiriwa, mwajiri ama akusafirishe wewe na mizigo yako hadi ulipoajiriwa, ama alipie usafiri huo, ama akupe posho ya usafiri. Posho hiyo isipungue nauli ya basi hadi stendi iliyo karibu na mahali ulipoajiriwa. Na kama amechelewa kukusafirisha, siku unazosubiri ana wajibu wa kukupa hela ya kujikimu.

Soma tena maneno "stendi iliyo karibu". Aliyechukuliwa Kondoa haachwi Dodoma mjini. Kumkatia tiketi ya treni ya SGR Dar hadi Dodoma, daraja la kawaida, ambayo ilipoanza Julai 2024 ilikuwa 31,000, kunamfikisha nusu ya wajibu. Nauli ya kutoka Dodoma hadi Kondoa bado inadaiwa.

Lakini yote haya yanategemea kitu kimoja: kuwe na ushahidi kwamba uliajiriwa mkoani, yaani bosi au mtu wake ndiye aliyekutafuta na kukuita. Kama ulikuja mjini mwenyewe kwa shangazi, ukapata kazi ukiwa hapa, mahali ulipoajiriwa ni hapa. Sheria inataka maelezo ya maandishi ya ajira yataje mahali hapo. Hakikisha panatajwa, na ujumbe wa simu ulioitiwa usiufute.

Nauli ya likizo nayo ipatanwe siku ya kwanza. Wengi hukubaliana hivi: ukimaliza mwaka, bosi anakulipia kwenda na kurudi. Omba ya kwenda upewe tiketi au hela mkononi, na ya kurudi itumwe ukiwa tayari kupanda basi. Hivyo bosi hana hofu kwamba hutarudi, na wewe huli nauli ya kurudi ukiwa nyumbani mbele ya ndugu wenye shida.

Iandike, hata kwa mistari sita

Huhitaji wakili. Karatasi moja ya daftari inatosha, nakala mbili, saini mbili:

"Mfanyakazi ameajiriwa kutoka Kondoa, tarehe fulani. Mshahara ni shilingi kadhaa, bila nauli. Nauli ya kuja kazini na kurudi ni 2,600 kwa siku ya kazi, inatolewa kila Jumatatu, na itabadilika LATRA ikibadilisha bei. Safari za kutumwa analipa mwajiri kabla ya safari. Safari na familia ni siku za kazi. Kazi ikiisha, mwajiri analipa nauli hadi stendi ya Kondoa."

Bosi akikataa kusaini, mtumie maneno hayo hayo kwa WhatsApp: "Mama, nimeandika tulivyokubaliana jana, kama nimekosea nirekebishe." Jibu lake la "sawa" ni ushahidi. Na ujue kwamba shauri likifika mbele ya vyombo vya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlivyokubaliana ni wake.

Ikishindikana

Anza karibu. Mtafute mtu anayeheshimiwa na pande zote mbili: aliyekuunganisha na kazi, shangazi wa bosi, au mjumbe wa mtaa. Migogoro mingi ya nauli huisha hapo, kwa sababu hakuna bosi anayependa mtaa ujue kwamba amemnyima dada nauli ya kurudi kwao.

Isipoisha, nenda kwa afisa kazi wa wilaya au mkoa, au kwa CHODAWU, chama cha wafanyakazi kinachowahusu wafanyakazi wa majumbani. Mgogoro rasmi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Muda wake ni mfupi: kama unalalamikia kuachishwa kazi bila haki, siku 30, madai mengine, siku 60. Nenda na daftari lako, ujumbe wa simu, na ile karatasi. Ukikaa nyumbani miezi mitatu ukisubiri bosi akukumbuke, muda utakuwa umepita.

Nawe bosi unayesoma mwongozo huu kwa bahati, piga hesabu ya dada wako leo jioni. Kama nauli inakula nusu ya unachomlipa, usishangae akiondoka bila kuaga. Amepata kazi ya karibu.

Kwako dada: kazi ambayo nauli yake inakula nusu ya mshahara, ama idai nauli mapema ama iache mapema. Kabla ya kuanza unapatana. Ukishaanza, utakuwa unaomba.